Nilidhani mtihani wenye sayansi ndo wangu

Mie nimesoma PCB, yani fizikia, kemia na bailojia, naanza na hilo kwasababu ndo lililonipoteza. Mwaka 2018 tumemaliza Fomu Siksi mwezi wa tano, matokeo yametoka mwezi wa saba nimepata Divisheni Wani, kwetu Gando, Pemba, ikawa sherehe, bibi kachinja kuku wawili na mie kichwani nshajiona niko Marekani. Pasipoti sina, laptopu sina, pesa usiulize, lakini nilikuwa nimesoma kwamba kuna vyuo kule vinamlipia mwanafunzi kila kitu hata akiwa mgeni. Na si uongo, vipo, Harvard na Yale na Princeton na MIT na Amherst hawatizami mfuko wa baba yako wakati wanakuchagua hata kama unatoka nje ya nchi, na wakishakukubali wanajaza wenyewe pengo ambalo familia haiwezi. Sasa mtu wa Gando akisikia hivo usingizi ataupata wapi?

Nilichokuwa sijakijua ni kwamba cheti chetu peke yake hakitoshi, kuna mtihani wao mwengine wa kuombea chuo, na tena si mmoja. Kuna SAT na kuna ACT. Vyuo vinapokea wowote kati ya hiyo miwili, hakuna unaopendelewa, we chagua. Na hapo kwenye "we chagua" ndo pana mtihani wa kwanza. Sisi tumelelewa na NECTA, baraza la mitihani la taifa, mtihani mmoja nchi nzima, siku moja saa moja, karatasi inakuja kwenye bahasha imefungwa na wewe kazi yako ni kuandika namba yako vizuri. Mtu aliezoea kupangiwa ukimpa hiari anababaika, anamuuliza kila anaepita.

Na mie niliwauliza wote waliopita. Kuna mwenzangu mmoja yuko Unguja, tulikuwa pamoja skuli, nikampigia, akanambia wee bwana PCB halafu unauliza, ACT ina sayansi ndani, SAT haina, waache watu wa EGM na HGL, wale wa uchumi na historia, wende SAT, wewe sayansi ndo shamba lako. Nikamuuliza mwalimu wangu wa kemia na yeye akaona hivohivo. Barazani jioni nikawaeleza wakubwa, hakuna anaejua ACT ni mnyama gani lakini wote wakakubali kwa vichwa, sayansi tena, si ndo yako hiyo. Basi nikawa mtu wa ACT kabla sijaiona hata karatasi yake. Yani nimechagua mtihani kwa jina la somo, kama mtu anaeoa kwa kuwa kapenda jina la bibi harusi.

Kitabu cha kujitayarishia ACT kile cha bure nikakishusha kwa bando la simu, nikenda kukiprinti stesheneri Wete, kila ukurasa shilingi mia, na kurasa zenyewe hazishi. Yule kijana wa stesheneri kila karatasi ikitoka anaitizama halafu ananitizama. Nikarudi Gando na furushi langu.

Sasa nisikilizeni khasa hapa. Mwezi wa nane ule ni msimu, karafuu zimejaa majamvini uwanja mzima, na mwezi wa nane huku Pemba kuna mvua za mchoo, jua linawaka vizuri tu halafu dakika moja wingu, dakika ya pili unalowa. Mie nimekaa kibarazani na saa ya simu, nimeambiwa ukijipima ujipime kwa muda wa kweli, dakika 45 kwa maswali 75 ya Kiingereza. Sabini na tano! Nimesoma swali la kwanza kwa utulivu kama nilivofundishwa, nimelisoma mara mbili, nimepigia mstari, nimekwenda la pili. Nilipofika swali la 30 na kitu bibi kapiga kelele ndani "Anua karafuu, mvua iyo!" nikarusha penseli, nikanyanyua jamvi na watoto wa jirani wamekuja mbio, tumemaliza kuanua nguo zimeroa na simu inalia muda umekwisha. Bibi ananiuliza unateta nini na simu, una nini, namwambia bibi nilikuwa kwenye mtihani, akasema mtihani gani unafanywa kwenye baraza.

Nikarudia kesho yake usiku, baada ya isha, karafuu zishaingizwa ndani nyumba nzima inanuka. Bila ya mvua wala bibi, nimefika swali la 52 muda umekwisha. Kwahiyo haikuwa mvua.

Lakini kilichonivunja moyo ni hiyo sayansi yenyewe. Maswali 40 dakika 35. Mie nimekariri mzunguko wa Krebs mpaka nauota, nimekariri mfumo wa figo, nimekariri organiki yote, nafungua naona grafu. Grafu, majedwali, halafu grafu. Udongo wa aina tatu umemwagiwa maji, tizama mchoro wa pili, katika nyuzi kadhaa aina gani imepitisha zaidi. Kuna sehemu mwanasayansi wa kwanza anasema hivi na wa pili anapinga, wewe unaulizwa kipi kati ya hivi kingemdhoofisha yule wa pili. Vitu vya kujua kutoka kichwani ni vichache mno, unaweza ukavihesabu kwa vidole. Ule si mtihani wa sayansi jamani, ni mtihani wa kusoma grafu mbiombio kwa Kiingereza, wameuvisha koti jeupe la maabara. Divisheni Wani yangu na B yangu ya bailojia haikunisaidia chochote zaidi ya kutokuyaogopa yale maneno.

Na kuna jambo jengine la kizamani la kwetu. NECTA ukionesha njia unapata maksi hata jibu likikosea, kwahiyo tumezoea kwenda polepole na kuandika kila hatua. Na swali ambalo hulijui unaliacha, ni adabu, hubandiki uongo. Mie yale niliyokuwa sina uhakika nayo niliyaacha meupe kabisa kwenye ile karatasi ya kusiliba viduara, karibu kila sehemu nna mashimo, na moyoni najiona mkweli. Kumbe ACT haina adhabu ya kukosea, na SAT pia waliiondoa ile ya kukata robo alama tangu walipobadilisha mtihani 2016, kwahiyo kiduara kilichobaki kitupu ni alama umeitupa chooni. Siliba! Siliba chochote, hata dakika ya mwisho weka C zote. Hili nimelijua baada ya wiki tatu, na hakuna mtu hata mmoja barazani aliekuwa analijua.

Nimejisahihisha mwenyewe, ACT inatoka kati ya 1 na 36, nimepata 20.

Nilikaa siku mbili nimenuna. Siku ya tatu nikasema si kitu, hebu niione na hiyo SAT ya watu wa EGM, maana kwenye Khan Academy kulikuwa na mazoezi ya SAT bure kabisa, walishirikiana na wenye mtihani wenyewe College Board tangu 2015, na karatasi kamili za kweli unashusha. Safari hii sikuprinti yote, nilinakili majibu tu kwenye daftari na maswali nayasoma kwenye simu, macho yakauma. SAT ya wakati ule ilikuwa na kusoma maswali 52 dakika 65, lugha maswali 44 dakika 35, halafu hesabu mbili, ya kwanza huruhusiwi kalkuleta maswali 20 dakika 25, ya pili unaruhusiwa maswali 38 dakika 55. Hebu zigawanye hizo. Kwenye kusoma SAT ilikuwa inakupa kama sekunde 75 kila swali, ACT ilikuwa inakupa sekunde 52 na kidogo. Hesabu za ACT zilikuwa dakika moja swali moja kamili, SAT ulikuwa unapata na ziada. Mie ni mtu wa kufikiri kwanza, mwendo wangu wa kusoma Kiingereza ni wa punda wa kupanda kilima, anafika lakini usimchape. Zile sekunde 20 za juu ndo zilikuwa uhai wangu.

Na ile sehemu ya bila kalkuleta ambayo watoto wa kule wanaililia mitandaoni, mie nilicheka peke yangu. Sisi Fomu Foo hesabu tumefanya bila kalkuleta, tuna four figure na vichwa vyetu, unatafuta logi kwa kidole kwenye kijitabu kilichochakaa. Kugawanya na kuzidisha kwa mkono ni kama kula tu. Kilichonipiga SAT ni kifungu kimoja katika vile vya kusoma, kila karatasi kilikuwa kinakuwemo, maandiko ya kale ya siasa, mara nyingi za Marekani, sentensi moja ina mistari minane, mtu anazunguka weee hujui anasifu au anatukana. Hapo hata watoto wao wanakwama nimeambiwa, nikajipoza.

SAT ya kwanza nimepata 1150 kati ya 1600. Sasa utazilinganishaje 20 na 1150, ndo nikakuta kuna jedwali rasmi wametoa wenyewe wa mitihani yote miwili kwa pamoja, lile jipya lilitoka hukohuko 2018. ACT 20 ni sawa na SAT 1040. Na 1150 yangu iko kwenye 23 ya ACT. Mtu yuleyule, mwezi uleule, kibaraza kilekile, tofauti ya alama tatu za ACT, na nyingi ya hiyo ni kwasababu ya saa tu. Mpaka leo mtu akinijia kuniuliza SAT au ACT simpi jibu, namwambia fanya zote mbili kamili kwa saa, kaa mpaka muda uishe usinyanyuke, halafu njoo na hilo jedwali tulitizame. Wengi hawarudi, wanataka jibu la dakika moja.

Kulikuwa na mambo mengine lakini ambayo si ya kichwani ni ya mfukoni na miguuni, na usiyadharau. ACT kwa sisi wa nje ya Marekani kuanzia Septemba 2018 wameihamishia kwenye kompyuta, na mie kompyuta nimeigusa skuli mara chache tulivokuwa tunapangiwa watu watano mashine moja, kwahiyo hapo tena nikazidi kuipenda SAT ya penseli. Bei pia ACT nilivopiga hesabu mie ilizidi. SAT yenyewe pamoja na ile ada ya nje ikafika karibu dola mia, kwa dola ya wakati ule kama laki mbili na thalathini hivi za kwetu. Karafuu kavu za daraja la kwanza ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, walikuwa wananunua kilo 14,000, hebu fanya mwenyewe, kilo 16 na kitu, na hizo ni kavu, mbichi unahitaji kama mara tatu yake. Bibi alitoa. Hakusema kitu, alifunga gunia akanambia lipeleke kituoni, na risiti niletee mwenyewe.

Pesa unayo lakini kulipa ni mtandaoni kwa kadi, na kadi ya aina hiyo Gando nzima hapana. Nikampigia ami yangu Muscat. Ami kafurahi, kalipa usiku uleule, ila yeye ndo aliejaza fomu, na jina akajaza lile ninaloitwa, langu na la baba. Pasipoti yangu imetoka baada ya hapo ina majina matatu na lile la mwisho ni la babu. Na kanuni yao ni kwamba jina la usajili lifanane na la kitambulisho utakachoonesha mlangoni. Sisi majina yetu ni mtu, baba, babu, hatuna ukoo wa kuandika kwenye kiboksi, kila fomu unaijaza kwa namna yake, cheti cha kuzaliwa hivi, ZanID, kitambulisho chetu cha Zanzibar, hivi, cheti cha skuli hivi, na miaka yote haijawahi kuwa taabu mpaka siku hiyo. Ami kapiga simu Marekani kutoka Muscat, kawekwa kwenye muziki dakika arubaini, mpaka leo anaupigia mluzi ule muziki. Wakabadilisha. Kwahiyo mdogo wangu yeyote unaesoma hapa, pasipoti kwanza, usajili baadae, na jina liandike kama lilivo kwenye pasipoti nukta kwa nukta hata kama linakuudhi.

Tarehe nazo. Kwa sisi wa nje mwaka ule SAT ilikuwa mara nne tu, Oktoba, Disemba, Machi na Mei. Mei ndo Fomu Siksi wako kwenye mtihani wa taifa, isahau. Machi majibu yanatoka vyuo vingi vishafunga maombi tangu Januari. Oktoba sikuwahi, pasipoti ilikuwa bado. Ikabaki Jumamosi ya tarehe 1 Disemba, moja tu, ukiikosa umekosa mwaka. Na kituo kwenye orodha nilivotafuta Zanzibar sikuiona, nikachukua cha Dar es Salaam.

Nimetoka Gando Jumatano. Gari mpaka Wete, gari ya 606 mpaka Chake, nyengine mpaka Mkoani, boti mpaka Unguja, nimelala kwa shangazi Mpendae, asubuhi boti tena ya Dar. Binamu yangu ana duka la vitambaa Kariakoo, nimelala stoo juu ya mabunda, na joto la Disemba la Kariakoo nyie mnalijua. Jumamosi alfajiri nimeswali, bodaboda mpaka kwenye shule yenyewe, mlango unafungwa saa 2 kamili, mie nimefika saa 12 na nusu nimekaa nje na mlinzi. Mlinzi akaniuliza umekuja kufanya usaili wa kazi?

Walikuja watoto wa Kihindi na wa Kizungu wameshushwa na magari, wana chupa za maji na biskuti na kalkuleta zile kubwa zinazochora grafu zenyewe. Mie nna kalkuleta yangu ya Fomu Siksi na penseli HB mbili nimezichonga usiku kwa wembe, halafu nimeambiwa wanataka namba 2, nikashtuka kweli, moyo ulikwenda, mpaka msichana mmoja wa Kihindi akanambia ndo hiyohiyo HB kwao wanaiita hivo. Mungu amlipe. Sijawahi kumuona tena.

Mtihani wenyewe sina mengi ya kusema, niliufanya. Ile ya bila kalkuleta nimemaliza na dakika nne mkononi. Kile kifungu cha kale kilikuwepo, nilikiwacha mwisho, nilisiliba.

Nimepata 1250. Hesabu 680, kusoma na lugha 570. Kutoka 1150 ya kibarazani mpaka 1250 kwa miezi mitatu ya Khan Academy na bando la usiku, kwa upande wangu nilikuwa nimeshinda. Halafu ndo nikatizama wale wanaoingia kwenye vile vyuo vya kulipiwa vyote wana ngapi, wengi wao wako 1450 na kwenda juu huko. Hapo nikaelewa kwamba nimetumia nusu mwaka kuumiza kichwa mtihani gani na sikutumia hata siku mbili kuuliza vyuo gani. Niliomba tisa, na kati ya hivo saba ni majina yanayojulikana na kila mtu duniani. Mwisho wa Machi barua pepe zikaanza, samahani, samahani, samahani. Sasa hivi najua kuna ofisi ya ushauri ya EducationUSA chini ya ubalozi wao Dar, ushauri wao ni bure, wangenambia mapema sana gawa maombi yako vizuri. Mie Dar nililala siku tatu juu ya vitambaa na sikujua kama ipo.

Chuo kimoja kidogo kilinikubali. Na skolashipu! Nilipiga kelele nyumba nzima ikatoka. Nikakaa na bibi nikamfahamisha, wao watalipa kiasi hiki, kinabaki cha kwetu kwa mwaka dola elfu 20. Bibi akauliza hizo ni karafuu ngapi. Nikachukua kalkuleta ileile, milioni 46, gawa kwa 14,000, nikamwambia bibi ni kilo elfu tatu mia mbili na themanini na kitu. Kavu? Kavu. Mara moja? Kila mwaka, miaka minne. Akanyamaza, akatengeneza kanga yake, akasema "Basi mume wangu, hiyo si zawadi, hiyo ni bei."

Nimesoma SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, kwa mkopo wa bodi yetu ya Zanzibar, leo nasomesha bailojia na wala sijutii, niseme ukweli kidogo najuta siku ya mvua. Ila watoto wanakuja kuniuliza, na mambo yamebadilika mno kwahiyo yale ya kwangu nawapa kama hadithi. Baada ya korona 2020 vyuo vingi vikasema mtihani ni hiari, watu wakashangilia, halafu vimeanza kurudi kimojakimoja, MIT karudi 2022, Dartmouth na Yale na Brown na Harvard wakatangaza 2024. Vile vya California, vya jimbo, havitizami kabisa hata ukipeleka. Kwahiyo kabla hujauza karafuu za bibi yako fungua ukurasa wa kila chuo unachokitaka usome mwenyewe mwaka huo wanasema nini, usichukue maneno ya mtu aliesoma mwaka juzi, nikiwemo mie.

SAT ya penseli imekufa. Kwetu sisi wa nje tangu Machi 2023 ni kwenye skrini tu, programu inaitwa Bluebook, masaa mawili na dakika 14, kalkuleta mwanzo mpaka mwisho na imo humohumo ndani inachora grafu, yani ile sehemu yangu ya four figure wameifuta. Vifungu virefu navyo vimeondoka, sasa ni vifupi kila kimoja swali moja. Na ina ujanja, ukifanya vizuri nusu ya kwanza nusu ya pili inakuja ngumu zaidi, usiogope, ngumu ndo nzuri. ACT nayo 2025 wamepunguza maswali na sayansi wameifanya hiari. Ningeipata hiyo mie!

Au pengine nisingeipata. Maana mdogo wangu wa kike sasa ndo anajitayarisha, kasoma HGL huyo, mtu wa riwaya na ramani, na mie kwa ujuaji wangu nilishamwambia wewe SAT moja kwa moja. Akanijibu kaka si ulisema tufanye zote mbili. Kanishika. Nikamuazima laptopu ya kazini, kaifanya SAT kapata 1130, kaifanya ACT kapata 25, ambayo kwenye jedwali ni 1210. Na alama yake ya juu kuliko zote ni ipi? Sayansi. Mtoto wa HGL! Nikamuuliza umefanyaje, akasema kwani kuna nini humo, si kusoma tu ramani na michoro, na yeye anasoma haraka tangu mdogo, kitabu anakimaliza kabla hujapata chai. Nikafikiria lile baraza zima lililonambia sayansi ni shamba langu.

Wiki iliyopita nilikwenda Gando nikamkuta kibarazani anajipima, skrini imejaa, simu pembeni inahesabu. Karafuu za vuli ziko majamvini. Wingu likaja kutoka upande wa bahari na mie nikanyanyuka kumwambia, bibi akanitolea jicho kutoka mlangoni, akaweka kidole mdomoni. Akatoka mwenyewe na mgongo wake ule, akalikunja jamvi la kwanza polepole bila ya kelele, akaniashiria nishike la pili.